Kukaa Bure

Methali moja ya Kiholanzi inasema kwamba ledigheid ni mto anaolalia shetani. Leo neno hilo linaeleweka kuwa uvivu, lakini ukilifuata nyuma hukuti uvivu wowote. Mzizi wake, ledig, katika Kiholanzi cha karne za kati ulitumika kwa kitu kitupu, na vilevile kwa mtu aliye huru, asiyefungwa na shughuli wala na dai la mtu mwingine. Ndugu yake wa Kijerumani bado yupo, na hutumika kwa mtu ambaye hajaoa au hajaolewa: hajafungwa. Waholanzi walilifupisha likawa leeg, tupu, neno la chupa iliyokwisha au nyumba isiyo na mtu, kisha wakaunda leegloper, yaani anayetembea mtupu, na hilo ni tusi. Njia yenyewe inaonekana: mwanzo mtu hana kinachomfunga, halafu hana kitu, mwisho hana maana. Mtu ni yule yule katika vituo vyote vitatu. Kilichobadilika ni anayemtazama na anachotaka kutoka kwake.

Safari hiyo haikufanywa na Kiholanzi peke yake, na hapo ndipo neno la Ulaya Kaskazini linapowagusa watu wa kusini magharibi mwa Uganda. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako wilayani Isingiro, kilomita 60 hivi kutoka Mbarara. Walianza Watutsi waliokimbia Rwanda zaidi ya miaka 60 iliyopita; leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo, zaidi ya watu 200,000, na Kiswahili ndicho kinachowavusha kutoka lugha ya nyumba moja hadi ya nyumba ya pili. Anayesema Kinyarwanda au Kirundi akitaka kutaja hali ya kukosa kazi husema ubushomeri, neno lililopitia Kifaransa, chômeur, asiye na ajira. Kifaransa nacho kililirithi kutoka Kilatini cha mwishoni, nacho kikalitoa kwenye Kigiriki kauma, joto kali. Aliyeitwa hivyo kwanza alikuwa mtu aliyeacha kazi jua lilipokuwa utosini, akakaa kivulini, na hakuna aliyemlaumu. Sisi tunaye ajizi. Asili yake ni Kiarabu, ambako 'ajz ni kutoweza, udhaifu wa kushindwa na jambo; muujiza ni mtoto wa mzizi huo huo, kwa sababu ni tendo linalowafanya wengine wote washindwe. Lakini katika Kiswahili ajizi ni kulegea, ni kuchelewesha jambo kwa makusudi, na kila aliyelelewa katika lugha hii anajua kwamba ni nyumba ya njaa. Kutoweza kumekuwa kutotaka, na mzizi wa neno ni ule ule.

Hoja yangu ni hii. Maneno ya uvivu huzaliwa yakiwa taarifa juu ya hali ya mtu: hana shughuli, jua ni kali, hawezi. Hugeuka kuwa hukumu juu ya tabia yake yanapoingia kinywani mwa mwenye mamlaka juu ya ardhi, chakula au sheria, anayehitaji kueleza kwa nini maskini bado ni maskini. Mkazi wa Nakivale akiulizwa habari za siku hizi akajibu, “Tunakaa tu bure,” anatoa taarifa. Mgeni aliyekuja na gari kutoka mjini akayasikia maneno hayo hayo, mara nyingi huyaandika kama kukiri kosa.

Mtu makini atanizuia hapa. Atasema historia ya neno si maana yake. Maneno husahau yalikotoka, na anayesema ajizi leo hana habari ya Kiarabu. Ni kweli. Neno shule lilitufikia kutoka Kijerumani, na nyuma kabisa ni la Kigiriki, ambako skholē ilikuwa nafasi ya mtu asiye na kazi za lazima. Mwalimu wa darasa la watoto zaidi ya mia hawezi kufarijiwa na hilo. Siwaombi wasemaji wa leo wawajibike kwa maana za jana. Ninachodai ni kidogo zaidi. Lugha zilizo mbali hivyo, Kiholanzi, Kifaransa, Kiswahili, zikianza mahali tofauti, utupu, joto, udhaifu, kisha zote zikaishia kwenye lawama ile ile, pana kitu kilichokuwa kinazisukuma, na kitu hicho kinatafutwa nje ya kamusi. Kinatafutwa katika sheria na katika mashamba.

Chukua Uholanzi yenyewe. Mwaka 1818, vita vya Napoleon vikiwa vimekwisha na nchi imejaa ufukara, jenerali Johannes van den Bosch alianzisha jumuiya ya hisani kwa lengo la kuwatoa maskini mijini na kuwapa ardhi. Kule Frederiksoord, kaskazini mashariki mwa nchi, kila familia ilipewa nyumba ndogo na kipande cha ardhi cha hekta mbili na kitu, ikatarajiwa ilime hadi ijitegemee. Nia ilikuwa njema, na sioni sababu ya kuibeza. Ila udongo wa pale ulikuwa wa mchanga, nyika tupu, na wengi wa waliopelekwa walikuwa watu wa mjini ambao hawakuwahi kushika jembe. Makoloni yale hayakujitegemea. Badala ya udongo kulaumiwa, walaumiwa wakawa watu: palikuwa na baraza la nidhamu, na aliyeonekana mvivu aliweza kupelekwa Ommerschans, koloni la adhabu. Veenhuizen ikapokea ombaomba na wale walioitwa landlopers, watembea nchi. Mwaka 1859 serikali ilichukua yote mawili, Ommerschans na Veenhuizen, na baadaye Veenhuizen ikawa kijiji cha magereza. Mwaka 2021 UNESCO iliyaweka baadhi ya makoloni hayo, pamoja na moja la Ubelgiji, katika orodha ya urithi wa dunia. Anayesoma historia hiyo akiwa Isingiro ataitambua picha: familia iliyong'olewa, kipande cha ardhi kilichopimwa na ofisi, matumaini kwamba kipande kitaimaliza njaa, na kisha jicho la ukali msimu unapopita bila mavuno.

Uingereza, katika mdororo ule ule wa baada ya vita, ilitunga mwaka 1824 sheria iliyowagawa watu wasio na makazi wala kazi katika madaraja ya kisheria, la kwanza likiwa la wakaa bure na wavuruga utulivu. Sheria hiyo ilisafiri na dola. Iliingia katika kanuni za adhabu za makoloni, ya Uganda ikiwamo, ambayo ilianza kutumika mwaka 1950, na uhuru ulipokuja ikabaki. Kifungu cha 168 kiliruhusu kumkamata anayeshukiwa ambaye hana njia inayoonekana ya kujikimu na anayeshindwa kujieleza vizuri. Fikiria kijana aliyetoka Nakivale alfajiri kutafuta kibarua Mbarara, amesimama kando ya soko kuu akisubiri lori la matoke lihitaji wapakuaji. Njia yake ya kujikimu haionekani kwa sababu bado haijafika. Kujieleza kwake kunapita katika lugha asiyoijua vizuri, mbele ya askari asiyejua Kiswahili cha Bukavu. Kifungu kile kilikuwa kimemwandikia kosa kabla hajafumbua kinywa. Tarehe 2 Desemba 2022, katika shauri lililofunguliwa na Francis Tumwesige Ateenyi, Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta vipande viwili vya kifungu hicho, hicho cha asiyejieleza na kile cha anayekutwa akizurura. Miaka miwili kabla, Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilikuwa imetoa maoni kwamba sheria za uzururaji za namna hiyo zinapingana na mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Uholanzi yenyewe iliacha kumhesabu mtembea nchi kuwa mhalifu mwaka 2000.

Isije ikadhaniwa kwamba naulaumu ukoloni peke yake. Tanzania huru ilipitisha sheria ya Nguvu Kazi mwaka 1983, wazururaji wa Dar es Salaam wakakusanywa ili warudishwe shambani. Waliokuwa nyuma yake waliamini kwa dhati kwamba taifa maskini halina haki ya mikono iliyolala, na imani hiyo ilikuwa na heshima yake. Lakini katika mtego ule walinaswa wauza karanga, mafundi wasio na kibanda, watu ambao kazi yao haikuwa na karatasi. Serikali ya wananchi ilishindwa kuiona kazi isiyokuwa katika daftari lake, kama alivyoshindwa jenerali wa Kiholanzi. Kwa hiyo tatizo halina rangi wala bendera. Linamkuta yeyote anayetazama watu kwa mbali akiwa na madaraka juu yao.

Pingamizi zito zaidi linatoka Uganda yenyewe, nalo linastahili jibu la heshima. Nchi hii, watasema, si sawa na nyingine. Mkimbizi wa Nyarugusu, Tanzania, haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Uganda, kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006, inampa haki ya kufanya kazi na kutembea, na Ofisi ya Waziri Mkuu inampimia kiwanja. Mwenyeji wa Isingiro, ambaye naye ni maskini, ana haki ya kuuliza: uliyepewa ardhi na uhuru, unakaaje bure? Naikubali nusu ya kwanza bila shaka yoyote. Ukarimu wa Uganda ni wa kweli, umebebwa na vijiji vyenye shida zake, na haufai kupunguzwa katika hoja ili hoja ipendeze. Lakini ardhi haiongezeki watu wanapoongezeka. Vipande wanavyopimiwa waliofika karibuni ni vidogo sana vikilinganishwa na vile vya miongo iliyopita. Vingine vinatosha nyumba, choo na mistari michache ya mahindi. Isingiro imo katika ukanda mkavu wa wafugaji, na mvua ikikosea Machi au Septemba, hakuna bidii inayoirudisha. Uhuru wa kwenda Mbarara ni haki katika sheria. Nauli ya kwenda na kurudi ni jambo la mfukoni. Muuguzi aliyesomea Goma au Bujumbura ana cheti, lakini mpaka kitambuliwe hawezi kuvaa sare hospitali ya rufaa ya Mbarara, basi analima kwa watu.

Tena nusu ya pili ya swali inachukulia kwamba watu wamekaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliochunguza uchumi wa wakimbizi Kampala, Nakivale na Kyangwali, wakachapisha ripoti mwaka 2014, walikuta kwamba katika makazi hayo ya vijijini karibu kila kaya ina shughuli fulani ya kipato nje ya msaada. Ukitembea Nakivale hilo halihitaji ripoti. Kuna mashine za kusaga, vinyozi, mafundi cherehani, maduka ya Wasomali yenye sukari na vocha za simu, wanawake wa Kikongo wanaouza vitenge na samaki wakavu, vijana wanaochaji simu kwa sola, na wengi wanaopakasa, kama Waganda wanavyosema, yaani wanaouza nguvu ya siku moja katika shamba la mtu. Hawa hawa ndio wanaosema wanakaa bure. Hawadanganyi. Wanapima kazi kwa kile ilichokuwa ikizaa kwao walikotoka, shamba lao, duka lao, mshahara wao, na kwa kipimo hicho siku nzima ya kibarua inayoishia katika kilo mbili za unga ni siku iliyokwenda bure.

Na kuna kazi isiyohesabiwa na upande wowote, nayo ni kungoja. Anayetoka zoni ya Juru au Rubondo kwenda Base Camp, ziliko ofisi, kusoma ubao wa matangazo ameamka mapema, ametembea mwendo mrefu au amelipa boda boda, amesimama mbele ya karatasi zilizobandikwa akishusha kidole jina kwa jina, namba ya familia kwa namba ya familia. Jina halipo. Anauliza dirishani, anaambiwa arudi wiki ijayo. Hawezi kupanga kibarua cha siku hiyo ya wiki ijayo, maana akiitwa na asionekane faili linarudi chini. Hawezi kufungua biashara ya mtaji wa miaka miwili, maana huenda ataitwa mahojiano ya kwenda nchi ya tatu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha programu yake ya kupokea wakimbizi, watu waliokuwa wamekwisha kupimwa afya na kuuza vyombo vyao walirudishwa kwenye kungoja kusiko na tarehe. Anayewapita mchana amewaona wamekaa kwenye benchi chini ya paa la bati. Angepaswa kuona watu wanaolipa siku zao kama kodi ya ofisi.

Kungoja huko kunaharibu kitu ndani ya mtu, na hapa ni lazima niende mbali kidogo, kwa sababu ushahidi bora ninaoujua uko Austria. Kijiji cha Marienthal kiliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo, nacho kikafungwa katika mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kukichunguza na kuchapisha kitabu mwaka 1933. Walitazamia pengine watu wenye saa nyingi wangesoma zaidi, wangekutana zaidi. Ikawa kinyume: vitabu vya maktaba, ambavyo vilikuwa bure, viliazimwa kwa uchache kuliko zamani. Watafiti wakajificha na saa, wakapima mwendo wa watu barabarani. Wanaume walitembea polepole na kusimama mara kwa mara. Wanawake walienda kasi, kwa sababu kazi ya nyumbani haikufungwa siku kiwanda kilipofungwa. Wanaume walioambiwa waeleze siku yao walishindwa kuijaza. Hapo ndipo taarifa na hukumu zinapokaribia kufanana, na hapo ndipo tunapaswa kuwa waangalifu zaidi. Ulegevu wa Marienthal ulikuwa wa kweli, ungeweza kupimwa kwa saa. Lakini ulikuja baada ya kazi kuondoka. Aliyefika kijijini mwaka 1932 bila kujua ya 1929 angeapa kwamba ulegevu ndio ulioifukuza kazi. Nakivale nayo ina wanaume wa mwendo huo, na wanawake wanaowapita wakiwa na jerikani ya lita 20 kichwani.

Je, basi hakuna mvivu duniani? Yupo. Wazee waliotuachia methali ya ajizi na njaa hawakuwa wajinga, na kuna mtu anayeacha jembe mlangoni huku mvua inanyesha na mkewe analima peke yake. Lakini tazama methali ile inakaa wapi. Ni maneno ya nyumbani. Anayeitamka anamjua anayeambiwa, anajua shamba lipo, anajua mvua imekuja, na njaa ikiingia atailala naye. Masharti hayo manne ndiyo yanayoifanya iwe onyo la haki. Ondoa hata moja, itamke juu ya kijiji kizima kupitia dirisha la gari, na imekuwa kitu kingine kabisa. Mzee wa Kinyankole akimwita mwanawe mvivu anatumia ujuzi. Ofisi ikiliita kundi zima hivyo inafidia ujuzi iliokosa.

Upande wa pili, Waholanzi wa leo wamelikuza neno niksen, lililotoka kwenye niks, hakuna kitu: kutofanya lolote kwa makusudi, kukaa dirishani ukitazama nje, na vitabu vimeandikwa kuwasifia wanaoliweza. Silidharau. Kupumzika ni haki, na Kiswahili kinalijua hilo vizuri, maana kupumzika kwetu kumetokana na pumzi, na asiyepata pumzi hufa. Lakini niksen ina mshahara nyuma yake na Jumatatu mbele yake. Hali ile ile ya mwili, mikono magotini na macho barabarani, inaitwa afya Utrecht na utegemezi Isingiro. Mtu wa Nakivale hana upungufu wa kukaa. Anachokosa ni kingo mbili za kazi zinazokufanya kukaa kuwe mapumziko.

Jambo hili lilipata uzito mpya mwaka 2023, pale Mpango wa Chakula Duniani, fedha za wafadhili zikiwa zimepungua, ulipozigawa familia za wakimbizi Uganda katika makundi kwa kadiri ya shida: walio hoi zaidi wapate zaidi, wa kati wapate kidogo, na waliohesabiwa kuwa wanajiweza wasipate. Mwaka 2025 watu wapatao milioni moja waliondolewa katika msaada wa chakula. Sipingi kwamba chakula kichache kimwendee kwanza mwenye njaa zaidi. Mtu yeyote mwenye sufuria ndogo angefanya hivyo. Ninachopinga ni hatua inayofuata, ambayo tayari inasikika: familia iliyohesabiwa kuwa inajiweza, ikishindwa kujilisha, inaonekana imekataa kujiweza. Neno lililowekwa kwenye jedwali ili kugawa mahindi linaanza kusomwa kama cheti cha uwezo, na anayeshindwa kukiishi cheti hicho anakuwa na kosa. Ndivyo ilivyokuwa Frederiksoord, ambako hekta mbili na kitu za mchanga zilisomwa kama uwezo. Kwa hiyo kabla ya ofisi yoyote, Nakivale au Mbarara, kuandika kwamba familia fulani haijitumi, yapo maswali ya kawaida kabisa ambayo mkulima yeyote wa Isingiro angeyauliza bila kufundishwa: kiwanja chao kina ukubwa gani, mvua ya mwisho ilinyesha lini, baba aliitwa ofisini mara ngapi msimu huu, na siku hizo alipoitwa nani alilima.